Kushughulikia Hitilafu Katika Huduma ya Wavuti Inayotegemea Huduma Nyingine: Hatua kwa Hatua

Maswali ya wanaoanza kujenga huduma za aina hii hayabadiliki. Nirudie ombi mara ngapi? Huduma ya malipo haikujibu. Pesa zimekatwa au hazikukatwa? Pesa zimeshakatwa lakini tiketi imegoma kutoka, nifanyeje? Kwa nini huduma ndogo ya barua pepe ikizorota mfumo mzima unaganda?

Karibu yote yanatokana na jambo moja: kati ya "imefanikiwa" na "imeshindikana" kuna hali ya tatu, "haijulikani". Ombi limetoka, jibu halikurudi. Huenda kazi imefanyika, huenda haikufanyika. Ukiihesabu hali hii kuwa ni kushindwa, utamtoza mtu mara mbili. Ukiihesabu kuwa ni kufanikiwa, utatoa tiketi ambayo haijalipiwa. Hatua zilizo hapa chini zinaipa hali hiyo nafasi yake tangu mwanzo, kwa sababu kuipachika baadaye ni kazi kubwa.

Mfano wetu ni huduma ya kuuza tiketi za tamasha. Ombi moja la mnunuzi linaita huduma nne za wengine: viti (hushikilia kiti kwa dakika 10), malipo, tiketi (hutengeneza tiketi yenye msimbo wa QR) na barua pepe. Programu yako inayoziita zote tutaiita mratibu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nyaraka za kila huduma unayoiita, na majibu ya maswali manne kwa kila moja: Je, kazi yake inaweza kutenguliwa? Je, kuna njia ya kuuliza hali ya ombi la zamani? Je, inapokea ufunguo wa kuzuia kazi kufanyika mara mbili? Inaruhusu maombi mangapi kwa dakika? Nyaraka zikinyamaza, andika kwa mtoa huduma umuulize. Usikisie.
- Hifadhidata inayodumu na yenye miamala (mabadiliko yanayoandikwa yote kwa pamoja au yasiandikwe kabisa), kama PostgreSQL au MySQL. Kumbukumbu ya RAM haifai, maana mratibu akizimika katikati ya kazi, kila alichokuwa anakijua kinapotea naye.
- Vipimo vya muda wa majibu wa kila huduma: muda wa kawaida, na muda ambao maombi 99 kati ya 100 huwa yameshajibiwa. Wastani peke yake unaficha maombi machache yanayochelewa sana, nayo ndiyo yatakayokusumbua.
- Saa za seva zilizolandanishwa kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao.
- Zana za kuharibu mtandao kwa makusudi, kama WireMock au Toxiproxy.
- Mtu mwenye mamlaka ya kuamua mambo ya biashara. Barua pepe ikishindwa kwenda, je, mauzo yafutwe? Swali kama hilo si la mwandishi wa programu kulijibu peke yake.

Nadharia ni hesabu moja tu. Huduma inayopatikana asilimia 99.9 ya wakati hukosekana takriban dakika 43 katika mwezi wa siku 30. Ukitegemea huduma nne za namna hiyo, na oda ikahitaji zote ziwe hai kwa pamoja, upatikanaji wako unashuka hadi asilimia 99.6, yaani karibu saa tatu kwa mwezi, hata kama msimbo wako hauna kasoro yoyote. Kwa hiyo hitilafu ni sehemu ya kazi ya kila siku, na inastahili kuandikiwa msimbo kama sehemu nyingine.

Hatua

1. Panga mfuatano wa kazi kwa kuangalia kipi kinatenguka.

Gawa kazi zote katika makundi matatu: zinazoweza kutenguliwa, ile moja ambayo ukishaivuka hakuna kurudi nyuma, na zinazoweza kurudiwa mpaka zikubali. Zitekeleze kwa mpangilio huohuo. Wazo la kugawa kazi ndefu katika miamala midogo, kila mmoja ukiwa na mwenzake wa kuutengua, lilielezwa na Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem mwaka 1987 kwa jina la *saga*, na mpaka leo ndilo linalotumika.

Katika mfano wetu mpangilio mzuri ni huu:

```
1. shikilia kiti         -> hutenguliwa kwa kukiachia
2. zuia fedha            -> hutenguliwa kwa kuziachilia
3. tengeneza tiketi      -> hutenguliwa kwa kuibatilisha
4. kata fedha            -> hakuna kurudi nyuma
5. tuma barua pepe       -> rudia mpaka ikubali
```

Angalia kwamba malipo yamegawanywa mara mbili. Huduma nyingi za malipo ya kadi hukuruhusu kuzuia fedha kwanza na kuzikata baadaye. Kuachilia fedha zilizozuiwa ni rahisi kuliko kurudisha fedha zilizokwisha kukatwa, kwa mnunuzi na kwako pia. Kama mtoa huduma wako ana njia hiyo, itumie.

*Kosa la kawaida:* kutuma barua pepe ya "Hongera, umepata tiketi" kabla ya kukata fedha. Barua pepe haitenguki.

2. Andika nia kabla ya kuita.

Tengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila hatua ya kila oda: namba ya oda, jina la hatua, hali, ufunguo wa ombi, idadi ya majaribio, muda wa jaribio la mwisho, na jibu lililopokelewa. Hali ziwe hizi: `INASUBIRI`, `IMETUMWA`, `IMEFANIKIWA`, `IMEKATALIWA`, `HAIJULIKANI`, `IMETENGULIWA`.

Utaratibu ni mmoja kwa kila hatua, usiruke hata kimoja (kufunga muamala ni kuyathibitisha mabadiliko yake):

```
weka hali = IMETUMWA, funga muamala wa hifadhidata
ita huduma ya nje
weka hali kulingana na jibu, funga muamala wa hifadhidata
```

Mratibu akifa kati ya mstari wa kwanza na wa tatu, mstari wenye `IMETUMWA` unabaki kama ushahidi kwamba huenda ombi lilitoka. Ukigeuza mpangilio, ukaita kwanza na kuandika baadaye, unaweza kukata fedha za mtu na usiwe na rekodi yoyote kwamba ulimgusa.

*Onyo:* usiache muamala wa hifadhidata wazi huku unasubiri mtandao. Huduma ya nje ikichelewa sekunde 20, muunganisho wa hifadhidata unashikiliwa sekunde 20, na miunganisho ikiisha hata kurasa zisizohusiana na malipo zinakwama.

Kazi ya barua pepe iandike katika muamala uleule unaoweka oda kuwa imekamilika, kisha mchakato mwingine uisome na kuituma. Hivyo haiwezekani oda ikamilike na barua isahaulike.

3. Weka ukomo wa kusubiri kwa kila mwito.

Usiamini chaguomsingi la maktaba. `requests` ya Python haina ukomo wowote usipouweka mwenyewe, `http.DefaultClient` ya Go vivyo hivyo. Mwito mmoja uliokwama unaweza kushikilia uzi wake (njia moja ya utekelezaji ndani ya programu) bila kikomo.

Weka ukomo wa aina mbili: wa kuunganika (sekunde 1 inatosha kwa huduma nyingi) na wa kusubiri jibu. Kwa huo wa pili, chukua muda ambao maombi 99 kati ya 100 hujibiwa, kisha uongeze nusu yake au uzidishe mara mbili. Jihadhari: katika `requests`, ukomo wa kusoma hupima ukimya kati ya vipande vya data, haupimi muda wote wa jibu. Seva inayodondosha baiti moja kila baada ya sekunde chache inaweza kukushika muda mrefu bila ukomo kugongwa.

Kisha gawa bajeti. Ikiwa mnunuzi anasubiri sekunde 10 kwa jumla, gawio linaweza kuwa hivi: kiti 1.5, kuzuia fedha 4, tiketi 2, kukata fedha 2. Ukomo wa ndani lazima uwe mfupi kuliko wa nje. Ukiwa na nginx (seva ya kati inayopokea maombi na kuyapitisha) mbele ya mratibu, `proxy_read_timeout` yake, yaani ukomo wake wa kusubiri jibu, ni sekunde 60 usipoibadilisha. Mratibu anayesubiri sekunde 90 ataendelea kufanya kazi kwa ajili ya mtu ambaye ameshaonyeshwa ukurasa wa 504 (seva ya kati imechoka kusubiri). Kabla ya kila hatua piga hesabu ya muda uliobaki, na usipotosha, usianze hatua hiyo.

4. Chambua kila jibu uliweke kwenye kundi lake.

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko hatua nyingine zote, na ndipo wengi wanapoandika mstari mmoja wa kudaka hitilafu zote kwa pamoja. Tenganisha hivi.

*Hakika haikufika:* jina la seva halikupatikana kwenye DNS (mfumo wa majina ya mtandao), muunganisho umekataliwa, au makubaliano ya TLS (usimbaji wa muunganisho) yameshindikana. Kazi haikufanyika, kurudia ni salama hata kwa malipo.

*Imekataliwa:* namba za hali za HTTP 400, 403, 404, 409, 422. Kurudia ombi lilelile kutaleta jibu lilelile. Weka `IMEKATALIWA` na uanze kutengua. 401 (hujatambulika) ina nafasi moja ya ziada: pata tokeni mpya (kitambulisho cha kuingilia), jaribu mara moja, basi. Lakini 409 isome kwa makini, maana wengine huitumia kumaanisha "ombi hili nilishalipokea", na hiyo kwako ni habari njema.

*Subiri kwanza:* 429 (maombi yamezidi) na 503 (huduma haipatikani kwa sasa). Soma kichwa (taarifa inayotangulia mwili wa jibu) cha `Retry-After`, ambacho huja kama idadi ya sekunde au kama tarehe kamili. Msimbo wako ujue kusoma namna zote mbili.

*Haijulikani:* ukomo wa kusubiri jibu umepita, muunganisho umekatika baada ya ombi kutumwa, 500, 502, 504. Kumbuka kwamba 502 na 504 mara nyingi hutolewa na seva ya kati, wakati huduma yenyewe huko nyuma huenda inamalizia kukata fedha.

Kuna mitego mitatu hapa. Wa kwanza, baadhi ya huduma hurudisha 200 na kuweka kosa ndani ya mwili wa jibu. Usiweke `IMEFANIKIWA` mpaka uone namba ya muamala au kithibitisho kingine kilichotajwa kwenye nyaraka. Wa pili, seva ya kati ikipata shida hurudisha ukurasa wa HTML mahali ulipotarajia JSON (data iliyopangwa ili programu iisome). Angalia kwanza namba ya hali na `Content-Type`, la sivyo logi (kumbukumbu za matukio) zitajaa makosa ya kusoma JSON na chanzo halisi hutakiona. Wa tatu unahusu SOAP, itifaki ya kubadilishana ujumbe wa XML. Katika SOAP 1.1 hitilafu zote husafiri kwa HTTP 500, hata zile ambazo kosa ni lako. Fungua mwili usome `faultcode`: `Client` maana yake rekebisha ombi lako, `Server` maana yake tatizo liko upande wao. Katika SOAP 1.2 majina yakawa `Sender` na `Receiver`, na `Sender` huja na 400.

5. Toa ufunguo mmoja kwa kazi moja.

Kwa mujibu wa kanuni za HTTP (RFC 9110), maombi ya aina ya GET, HEAD, PUT na DELETE zinapaswa kuwa na matokeo yaleyale hata zikirudiwa. POST haina ahadi hiyo, na malipo karibu yote huenda kwa POST. Watoa huduma wengi hutatua jambo hili kwa kupokea ufunguo, mara nyingi kwenye kichwa kiitwacho `Idempotency-Key`: wakiuona ufunguo uleule tena, hurudisha jibu la kwanza bila kufanya kazi upya.

Ufunguo utokane na kazi, usitokane na jaribio. `oda-88213-zuia-fedha` ni ufunguo mzuri. Ufunguo wa nasibu unaozaliwa upya ndani ya kitanzi cha marudio ni sawa na kutokuwa na ufunguo kabisa, na kosa hili ni la kawaida mno. Uandike kwenye jedwali la hatua ya 2 kabla ya kuita, na mwili wa ombi usibadilike kati ya jaribio na jaribio. Angalia pia mtoa huduma anautunza ufunguo kwa muda gani. Akiufuta baada ya saa 24, marudio ya siku ya tatu yatahesabiwa kuwa kazi mpya.

Mtoa huduma asiyepokea ufunguo? Tuma namba yako ya oda kwenye sehemu ya kumbukumbu ya muamala, na kabla ya kila marudio uliza kwanza kama muamala wenye namba hiyo upo. Asipokuwa hata na njia ya kuuliza, usirudie malipo kimashine. Mpe binadamu aamue.

6. Rudia kwa kiasi.

Majaribio matatu kwa jumla yanatosha wakati mnunuzi anasubiri. Muda wa kupumzika kati yake ukue, na uwe wa nasibu:

```
pumziko = nasibu(0, dogo kati ya (sekunde 5) na (milisekunde 200 × 2^n))
```

Hapa n ni namba ya jaribio. Bila nasibu, maelfu ya wateja walioanguka pamoja watarudi pamoja, kwa sekunde ileile, na kuiangusha tena huduma iliyokuwa inaanza kuinuka.

Rudia katika tabaka moja tu. Maktaba ikirudia mara 3, mratibu mara 3, na programu ya simu ya mnunuzi mara 3, mbofyo mmoja unaweza kuzaa maombi 27. Kagua mipangilio ya maktaba yako ya HTTP na ya seva ya kati, maana nyingi hurudia kimyakimya. Tabaka linalofaa ni la mratibu, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo na jedwali.

7. Weka sakiti breka, na utenge vyumba.

Sakiti breka ni kinga inayoacha kuiita huduma inayoshindwa mara kwa mara, nayo ina hali tatu: inapitisha, imekata, inajaribu. Anza na vipimo hivi, kisha urekebishe kwa kuangalia takwimu zako: hesabu maombi 20 ya mwisho, nusu yake yakishindwa, kata kwa sekunde 30, kisha ruhusu maombi 3 ya majaribio, yakikubali yote, pitisha tena. Ikiwa imekata, mwito hushindwa papo hapo bila kugusa mtandao, na mnunuzi hasubiri bure. Resilience4j kwa Java na Polly kwa .NET zimeshaandika haya. Hakuna haja ya kuanza upya.

Usihesabu 400 au 422 kuwa kushindwa kwa huduma. Mnunuzi mmoja anayeandika namba ya kadi vibaya mara kumi asije akawazimia malipo wengine wote.

Vyumba vilivyotengwa (kila huduma na miunganisho yake) ndiyo dawa ya "mfumo mzima unaganda". Fanya hesabu: mratibu ana nyuzi 200, na huduma ya barua pepe sasa inachukua sekunde 30 kujibu. Nyuzi zote zinajaa kwa oda chini ya 7 kwa sekunde, na baada ya hapo hakuna anayeweza hata kuangalia viti. Ipe kila huduma idadi yake ya miunganisho, kwa mfano 20 kwa barua pepe na 60 kwa malipo. Ikijaa, ombi lipya likataliwe mara moja.

8. Tengua kwa mpangilio wa kinyume.

Kutengeneza tiketi kukikataliwa, anza kwa kuachilia fedha, kisha achia kiti. Tengua zilizo `IMEFANIKIWA` na pia zilizo `HAIJULIKANI`. Kuhusu kutengua kwenyewe, zingatia haya:

- Kutengua nako kuwe na ufunguo wake, maana nako kunaweza kurudiwa.
- Jibu la "hakuna cha kutengua" lihesabiwe kuwa mafanikio, lakini si papo hapo. Ombi la awali linaweza kuwa bado linazunguka kwenye mtandao, likafika baada ya tenguo lako na kushikilia kiti ambacho hakuna atakayekiachia. Kagua tena baada ya dakika chache. Kama huduma ya viti ni yako pia, ifanye ikumbuke tenguo lililotangulia na kulikataa ombi linalochelewa.
- Usifute rekodi. Kurudisha fedha ni muamala mpya unaoandikwa chini ya ule wa kwanza.
- Kutengua kukishindwa, endelea kurudia nyuma ya pazia kwa vipindi vinavyorefuka, dakika 1, 5, 30. Ikipita saa chache, peleka kwenye foleni inayosomwa na mtu. Foleni hiyo iwe na mwenyewe anayejulikana.

Wanaotumia WS-BPEL 2.0, lugha ya kuratibu huduma za wavuti na kiwango cha OASIS cha mwaka 2007, wana vifaa hivi tayari: `scope` (kundi la kazi), `faultHandlers` (vidaka hitilafu), `compensationHandler` (kitengua kazi). Kinachowachanganya wengi ni hiki: `compensationHandler` ya `scope` huanza kutumika baada tu ya `scope` hiyo kukamilika salama. `scope` iliyoanguka katikati haitenguliwi kwa njia hiyo. Usafi wake uandike ndani ya `faultHandlers` yake yenyewe. Na ukiandika `catchAll` (kidaka hitilafu zote) tupu, umezima pia utaratibu wa kawaida ambao ungezitengua `scope` za ndani kwa niaba yako, basi weka `compensate` (amri ya kutengua) humo.

9. Weka mfagiaji.

Huu ni mchakato unaoamka kila dakika na kuokota mistari iliyobaki `IMETUMWA` au `HAIJULIKANI` kwa zaidi ya dakika 2. Kwa kila mstari anauliza huduma husika hali halisi, kisha ama anaendeleza oda, ama anaitengua. Bila mfagiaji, hali ya "haijulikani" ni lebo tu isiyo na mwisho.

Wafagiaji wawili wasishike mstari mmoja. Katika PostgreSQL na MySQL 8.0 tumia `SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED`, inayoruka mistari iliyoshikwa na mwingine, weka safu ya `umiliki_mpaka` kuwa dakika 2 mbele, funga muamala, ndipo uite mtandao. Kumbuka onyo la hatua ya 2.

Zingatia ukomo wa dakika 10 wa kiti. Oda ambayo malipo yake yamethibitika dakika ya 12 huenda kiti chake kimeshauzwa kwa mwingine. Mfagiaji aulize viti kwanza kabla ya kukata fedha.

Juu ya hayo, kila siku linganisha taarifa ya miamala ya mtoa huduma wa malipo na jedwali lako, mstari kwa mstari. Kila tofauti utakayoikuta ni hitilafu ambayo msimbo wako haukuiona.

10. Mjibu mnunuzi ukweli.

Matokeo yasipojulikana, usiseme "malipo yameshindikana", atalipa tena. Rudisha 202 (ombi limepokelewa, bado linashughulikiwa) pamoja na anwani ya kufuatilia hali ya oda, na ujumbe kwamba malipo yanathibitishwa na asilipe upya. Pale unapojua kabisa kilichotokea, tumia muundo wa kueleza hitilafu wa RFC 9457 (wa 2023, uliochukua nafasi ya RFC 7807) kwa `Content-Type` ya `application/problem+json`:

```
{
  "type": "https://example.com/hitilafu/kiti-kimechukuliwa",
  "title": "Kiti kimeshachukuliwa",
  "status": 409,
  "detail": "Chagua kiti kingine. Hujatozwa chochote.",
  "instance": "/oda/88213"
}
```

Usimpitishie majibu ya ndani kama yalivyo. Huduma ya tiketi ikikurudishia 401 kwa sababu tokeni *yako* imeisha, ukiipitisha, programu ya mnunuzi itadhani ni yeye anayetakiwa kuingia upya. Kwake hiyo ni 502 (hitilafu ya huduma iliyo nyuma). Wala usimwonyeshe majina ya seva za ndani au maandishi ya hitilafu ya hifadhidata.

11. Funga uzi wa ufuatiliaji.

Pitisha kichwa cha `traceparent`, kitambulisho cha safari ya ombi, katika kila mwito:

```
traceparent: 00-0af7651916cd43dd8448eb211c80319c-b7ad6b7169203331-01
```

Sehemu ya pili, yenye tarakimu 32, haibadiliki kwa safari nzima ya oda. Iandike katika kila mstari wa logi pamoja na namba ya oda, hatua, namba ya jaribio na muda uliotumika. Usiandike kamwe namba za kadi wala tokeni.

12. Vunja kwa makusudi.

Wengi hujaribu kwa kuizima huduma ya nje tu. Hilo ni jaribio jepesi, maana muunganisho unakataliwa na kila kitu kiko wazi. Jaribio la maana ni kuliacha ombi lifike, kazi ifanyike, kisha jibu lipotee. Katika Toxiproxy weka sumu ya `timeout` upande wa `downstream` (jibu linalorudi). Katika WireMock tumia `fixedDelayMilliseconds` kubwa kuliko ukomo wako, au hitilafu ya `CONNECTION_RESET_BY_PEER`.

Kisha muue mratibu kwa `kill -9` (amri ya kuzima programu ghafla) baada ya kila hatua, moja baada ya nyingine, umwashe, usubiri mfagiaji apite. Mwisho wa kila jaribio angalia mambo matatu: fedha zimekatwa mara ngapi, kiti kiko kwa nani, na je, kuna mstari uliobaki bila hali ya mwisho?

Tatizo likitokea

*Mnunuzi ametozwa mara mbili.* Tafuta funguo za majaribio yote mawili. Zikitofautiana, ufunguo unazaliwa ndani ya kitanzi. Zikifanana, angalia kama mtoa huduma alishaufuta wa kwanza. Kama jedwali lako linaonyesha oda mbili tofauti, mnunuzi alibofya mara mbili. Toa namba ya oda ukurasa unapofunguka, si kitufe kinapobofywa.

*Mtoa huduma anaona marudio, logi zako zinaonyesha ombi moja.* Kuna tabaka lingine linalorudia: maktaba ya HTTP, au seva ya kati iliyoruhusiwa kurudia POST. Katika nginx tafuta `non_idempotent` kwenye `proxy_next_upstream` na uiondoe.

*Mfumo umeganda lakini kichakataji kimetulia.* Nyuzi zinasubiri mtandao. Chukua picha ya nyuzi zote uone zimesimama kwenye mwito upi. Huo ndio usio na ukomo au usio na chumba chake.

*Huduma ya nje imerudi, ikaanguka tena baada ya sekunde chache.* Marudio hayana nasibu, au mfagiaji anatuma mrundikano wote kwa mkupuo. Mwekee kikomo, kwa mfano maombi 5 kwa sekunde.

*Sakiti breka inakata na kupitisha mfululizo.* Idadi ya maombi inayohesabiwa ni ndogo mno kwa huduma yenye wateja wachache. Ongeza idadi ya chini kabla ya kukata, au refusha muda wa kuhesabu.

*Viti vimeshikiliwa bila oda yoyote.* Tenguo lilitangulia ombi lake, au mratibu aliita viti kabla ya kuandika `IMETUMWA`. Linganisha muda wa ombi na wa tenguo kwenye logi za huduma ya viti, kwa kutumia `traceparent`. Kama hakuna mstari wa oda hiyo kwenye jedwali lako, rudi hatua ya 2. Kama upo na unasema `IMETENGULIWA`, ongeza ukaguzi wa pili wa hatua ya 8, na uupe dakika nyingi kuliko ukomo mrefu zaidi wa kusubiri ulio nao katika mnyororo mzima.